Kabla Hujafungua Injini

Pikipiki ikiwa kuukuu, watu huwa wapole nayo. Ikigoma kupanda mlima tunasema imechoka, tunaipeleka kwa fundi, tunalipa, siku inaendelea. Kazi huanza pale chombo kinapougua nailoni ya siti ikiwa bado haijabanduliwa. Hapo ndipo watu hutafutana. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, ila hawakutuambia kidonda chenyewe kikianza kuuma tumshike nani.

Dada yangu alinunua pikipiki ya cc 125 akamkabidhi kijana mmoja hapa Iringa kwa mkataba: hesabu shilingi 8,000 kila siku, na muda waliokubaliana ukiisha, chombo kinakuwa cha kijana. Mita ilikuwa haijafika kilometa 2,000 kijana alipokuja nyumbani na uso wa msiba. Klachi. Akipandisha kutoka Ipogolo kuja mjini, na anayeujua ule mlima hahitaji kuelezwa, injini inapiga kelele za mwendo mkali huku pikipiki yenyewe inatambaa.

Dada hakusubiri amalize. "Umechoma pleti. Si unabeba abiria mishikaki wewe!"

"Hapana mama, imetoka hivi hivi kiwandani."

Duka lililouza likasema lazima injini ifunguliwe kwao, na fundi mwingine akiigusa tu, garantii imekufa. Kijiweni nako wenzake walishatoa hukumu: nunua seti mpya ya pleti, weka, rudi barabarani. Mmoja wao alikuwa na ndugu anayeuza spea.

Nilipoyasikia majibu yote hayo pamoja, niligundua jambo ambalo nimeliona pia kwenye vikao vya ukoo. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alikuwa amechagua ugonjwa ambao gharama yake inamwangukia mwingine. Pleti zikiwa zimechomwa, analipa kijana. Kosa likiwa la kiwanda, linalipa duka. Fundi wa nje akishaishika, duka limepona. Swali la nani kaharibu lilikuwa limejibiwa mara nne, na bado hakuna aliyekuwa amejua nini kimeharibika.

Nikaombwa niwasindikize kwa fundi mmoja mzee ninayemfahamu. Kibanda chake hakina hata kibao, lakini wanaomjua humfuata. Spana hakuigusa. Aliuliza maswali. Inafanya hivyo injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Gia zote, au zile za juu tu? Peke yako au ukiwa na abiria? Ilianza lini, na kabla haijaanza, nani aliishika? Dada alianza kuchoka. Alitaka kuona kitu kinafunguliwa, maana wengi wetu tunaamini kwamba fundi asiyefungua hajafanya kazi.

Ndani ya klachi ya pikipiki hizi kuna pleti zilizopangwa mithili ya chapati kwenye hotipoti: moja ina utando wa kushika, inayofuata ni ya chuma tupu, tena ya utando, tena ya chuma, zote zikiogelea kwenye oili ileile ya injini. Springi zinazibana pamoja ili nguvu ya injini ifike kwenye tairi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unaziondolea pleti ule mbano wa springi, zinaachana, unabadilisha gia. Kwa hiyo klachi huweza kuugua kwa namna mbili zinazopingana. Ya kwanza ni pleti kukataa kushikana, na hapo ndipo injini inalia bila chombo kwenda. Ya pili ni kukataa kuachana: gia zinaingia kwa kishindo, frii haipatikani, na pikipiki inataka kuondoka hali umebana klachi yote. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Mzee akaushika mkono wa klachi kwa vidole viwili kwenye ncha yake na kuuvuta taratibu kabisa. "Shika na wewe," akaniambia. Nikashika. Uligoma papo hapo, umekaza tangu mwanzo. Akanisogeza kwenye pikipiki nyingine iliyokuwa pale. Hiyo ncha ilicheza kidogo bila kuvuta kitu chochote, kisha ndipo waya ukaanza kazi. Ule mchezo, alisema, unatakiwa uwe kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Usipokuwepo, waya unakuwa umeshazivuta springi hata kama mkono wako haujagusa kitu. Dereva anaamini ameachia klachi, kumbe pleti zinasuguana saa zote.

Akageuza usukani kulia, akaugeuza kushoto, kuona kama waya umebanwa mahali. Haukubanwa. Akaomba kopo la oili iliyowekwa mara ya mwisho, akasoma herufi: JASO MA, sawa. Kuna oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano ambazo huzitelezesha pleti za aina hii hata zikiwa mpya. Hiyo nayo ikafutwa. Mwisho akainama akaangalia nati ya kurekebishia waya upande wa injini, akacheka. Imekazwa karibu yote.

Ndipo hadithi ikatoka. Miezi ile ya Juni na Julai, baridi ya Iringa haina simile. Asubuhi oili ni nzito na pleti zimegandana, hivyo kijana akitia gia ya kwanza pikipiki iliruka mbele na kutoa kishindo. Akaogopa. Angeiacha ingurume kidogo, au angebana klachi na kuisukuma mbele na nyuma ikiwa kwenye gia, pleti zingeachana zenyewe. Badala yake, usiku wa sevisi ya kwanza, mwenzake wa kijiweni akamkazia waya. Kishindo cha asubuhi kikapungua, kila mtu akafurahi. Mteremko wa Ipogolo hausemi kitu. Kupanda ndiko kulikosema, tena injini ikishachemka, na kufikia hapo hakuna aliyekumbuka ile nati.

Nikamkumbuka mpwa wangu, ambaye matokeo yake ya hesabu yalishuka kidogo akiwa darasa la sita. Akatafutiwa tuisheni ya jioni. Akaanza kusinzia darasani, matokeo yakashuka zaidi, ikaongezwa ya Jumamosi. Tulipoitana kumjadili, tulijadili uvivu wake, simu, marafiki, hata ukoo wa baba yake uliguswa. Bibi yake peke yake ndiye aliyeuliza mtoto analala saa ngapi. Mimi siku hizi nikiletewa malalamiko ya nyumbani au ya kazini, nauliza kwanza ni dawa gani ilishatumika kabla sijafika. Mara nyingi ugonjwa ninaoonyeshwa ni ile dawa.

Mzee akalegeza nati, akapima mchezo kwenye ncha, akamtuma kijana ajaribu: gia ya juu, mwendo wa wastani, kisha avute mafuta kwa ghafla. Sauti ikipanda na mwendo ukibaki palepale, bado inateleza. Alirudi akisema ni afadhali sana, lakini si asilimia mia. Mzee akasema atembelee wiki moja, halafu waonane. Hakuahidi zaidi ya hapo, na kwa hilo nilimheshimu.

Tukiwa tunaondoka akauliza, kama mtu anayeongea na hewa, kwa nini sevisi ya kwanza ilifanyika kijiweni usiku. Kijana akamwangalia dada kwanza, ndipo akajibu. Mchana ni wa kutafuta hesabu. Mkataba ni siku saba kwa wiki, mvua inyeshe isinyeshe, aumwe asiumwe. Saa mbili za kukaa kwa fundi ni abiria watano waliopotea. Hiyo mishikaki anayosemwa nayo hupakiwa zaidi siku inayofuata mvua, kufidia deni la jana. Dada alikuwa na la kusema, nilimwona likimfika mdomoni, akalimeza.

Wiki ilipokwisha pikipiki ilikuwa bado inateleza kidogo ikiwa na moto na abiria. Safari hii mzee alifungua kifuniko cha upande wa kulia. Pleti za chuma zilikuwa na mabaka ya rangi ya bluu, alama ya chuma kilichopata joto kupita kiasi, na zile za utando zilikuwa zimeng'aa. Seti ikabadilishwa. Duka, kama tulivyotarajia, likasema garantii haihusiki. Nani hasa alikaza ile nati hatukuuliza tena.

Dada alilipia pleti, kijana akalipia oili na gasketi. Mkataba nao ukaandikwa upya, Jumapili ikaondolewa kwenye hesabu. Dada alisisitiza iandikwe wazi kuwa ni Jumapili mbili kwa mwezi, si nne.