Nilivyoikimbia Chapati, Ikanisubiri Unguja

Mpenzi msomaji, hebu jaribu siku moja kumtembelea shangazi yako Unguja, akuwekee chapati za moto, halafu umwambie hutaki. Ukitoka salama uje unisimulie. Mimi yamenikuta, na bado ninayo rohoni, ndiyo maana wiki hii nakumegea.

Kisa kilianzia ofisini kwetu hapa Dar. Kuna shoga yangu mmoja alirudi likizo kapungua mpaka sketi inamzunguka kiunoni. Tukambana kwenye kona: sema, unatumia nini? Vidonge? Akajibu kwa madaha kwamba hatumii kitu, ameacha tu. Ameacha ngano. "Gluteni, mwaya. Ndiyo inayowavimbisha. Acheni muone."

Sasa mimi nilikuwa na mambo mawili. La kwanza minyama uzembe ya kiunoni, ambayo gauni la harusi ya rafiki yetu lilikuwa limeikataa kata kata. La pili silisemi sana mbele za watu: tumbo. Tangu nikiwa sekondari, nikishakunywa chai ya asubuhi linajaa kama puto, linanguruma ndani ya daladala mpaka jirani anageuka kunitazama. Nikaona dawa hii imekuja kwa maradhi yote mawili.

Jumatatu nikaziaga chapati. Nikaaga maandazi, mkate, sambusa, tambi na keki za bethidei za watu. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, mchana wali maharage. Baada ya wiki tatu mzani wa duka la dawa ukasema kilo tatu zimekwenda na maji. Tumbo nalo kimya. Ebwana, nikawa mhubiri! Mtu akiagiza chapati mbili kwa mama ntilie namkalisha kitako nampa somo. Wenzangu wakaanza kunikwepa saa ya chai. Nikaingia supamaketi moja huko Masaki nikanunua biskuti za nje zilizoandikwa kwamba hazina gluteni, bei mbaya, tamu kama sukari guru. Sikujiuliza mtu anayepunguza mwili anatafuta nini kwenye biskuti.

Kwa hali hiyo ndiyo nikapanda boti ya asubuhi, siku nne za mapumziko.

Ndani ya boti mama wa kiti cha pili alifungua hotpoti ya sambusa kabla hatujaliacha jiji nyuma. Harufu ikajaa kote. Akanikaribisha, kama ilivyo ada, nikamwonyesha muhogo wangu kwenye karatasi ya foili. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyetoka hospitali.

Shangazi anakaa Ng'ambo, hatua chache kutoka maghorofa ya Michenzani. Wageni wengi wakishuka bandarini wanaingia Mji Mkongwe, wanapiga picha milango, wanaondoka. Ng'ambo ndiko watu wanakoishi. Jina lenyewe lilitokana na mkono wa bahari uliokuwa ukipita katikati. Upande mmoja Mji Mkongwe, upande wa pili ng'ambo. Maji yalifukiwa, leo ni barabara ya Benjamin Mkapa, lakini jina limebaki.

Nafika, nakuta meza imeandaliwa. Chapati za kusukuma zimepangwa mnara, maini ya kukaanga, chai ya maziwa yenye tangawizi. Shangazi kaamka alfajiri kwa ajili yangu.

"Shangazi, shikamoo. Mie siku hizi sili ngano."

"Marahaba. Huli nini?"

"Ngano."

"Hee! Ngano imekufanya nini, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli, napunguza mwili. Shangazi akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, asiseme neno. Akaziondoa chapati moja moja, akazifunika kwa kawa, akaingia jikoni. Huko nikasikia sufuria zinagongana kuliko kawaida. Nilikaa pale peke yangu na maini yangu, mate yananishuka kwa shida.

Ndipo akatoka binamu yangu, binti yake shangazi. Ana sahani yake, kikombe chake, na kikaango chake kidogo ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Juu ya sahani kuna mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi. Shangazi akachungulia kutoka jikoni akasema kwa sauti ya chini, "Na huyu hali ngano. Lakini yeye hakuiacha kwa sababu ya gauni."

Sijui gauni alilijuaje. Shangazi zetu wana redio zao.

Mpenzi msomaji, huyu binamu tangu kidato cha pili alikuwa kimbaumbau. Tumbo la kuhara lisiloisha, damu kila akipimwa iko chini, akipewa vidonge vya kuongeza damu haiongezeki. Ametibiwa minyoo, ametibiwa taifodi sijui mara ngapi. Mtaani wakaanza kunong'ona ule ugonjwa mkubwa. Akapimwa, hana, wakaendelea kunong'ona. Kapelekwa kwa waganga, kanyweshwa makombe. Miaka sita. Mwishowe daktari bingwa mmoja huku Bara akamfanyia kipimo cha damu ambacho hakuna aliyewahi kumfanyia, kisha wakamwingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni, wakachukua vipande vidogo vya utumbo kwenda kuvitazama. Jibu likatoka: siliaki.

Alinieleza mwenyewe, tumekaa barazani. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, na jamaa zake wamo kwenye shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inachachamaa na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ndani ya utumbo kuna vinyweleo vidogo vidogo vinavyofyonza chakula. Vinalala, vinakuwa bapa kama zulia lililochakaa. Ukila nyama, ukila mchicha, vinapita tu. Duniani inakadiriwa kwamba kwenye watu 100 yumo mmoja wa namna hii, na wengi hawajijui. Dawa ya kumeza haipo. Ni kuacha, maisha yote.

Akanipa na historia, maana amesoma kila kitu. Aliyeigundua ngano kuwa ndiye mhalifu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alianza kuishuku tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa kali ya vita, majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, mkate uliadimika nchini kwake. Watoto wa ugonjwa huu, ambao ungetegemea wafe mwanzo, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, kuhara kukarudi. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

"Wewe umepungua kilo ngapi?" akaniuliza.

"Tatu," nikasema kwa kujitutumua.

"Mie mwaka wa kwanza niliongezeka nane."

Nikanyamaza. Kumbe ngano ileile, mmoja anaiacha apungue, mwingine anaiacha anenepe.

Kuhusu kilo zangu tatu hakunionea haya. Alinifanya nihesabu: chapati mbili na maandazi matatu kila asubuhi, mafuta yake, sukari yake, soda ya saa nne ya kusindikizia. Vyote nilivifuta siku moja. "Ungeacha hivyohivyo ukala mkate mkavu kipande kimoja, ungepungua vilevile, dada. Gluteni umeisingizia."

Basi jioni akanitembeza mjini. Nimekwenda Unguja mara nyingi, lakini siku ile niliuona mji mwingine kabisa. Mimi nilizoea kuangalia kanga na viungo. Yeye anaangalia unga. Pale Darajani, kwenye soko hili la tangu 1904, alipita akinionyesha kwa kidole kama askari anayeonyesha wezi. Kaimati, ngano. Visheti, ngano. Bokoboko, lile la nyama tunaloshindilia kwenye sherehe, ni ngano nzima imepondwa humo, na mimi wiki mbili kabla nilikuwa nimelila Magomeni kwenye arobaini nikidhani ni mchele! Vitumbua ni vya mchele, lakini usile mpaka umuulize mwenyewe, maana wako wanaochanganya unga wa ngano. Bhajia za kunde safi, ila angalia karai: mafuta yaliyokaangiwa sambusa saa moja iliyopita ndiyo hayohayo. Kwangu mimi ni stori. Kwake yeye chembe tu inatosha kumlaza siku mbili.

Anauliza kwa adabu, kila kibanda. "Samahani, mafuta haya umekaangia nini?" Wengine wanamjibu vizuri. Mmoja akasonya, akasema wateja wa masharti waende hotelini. Binamu akasema ahsante, tukapita. Mimi nilitaka kurudi nimpe vidonge vyake yule bwana, akanivuta mkono. "Nikigombana na kila mtu nitashinda njaa."

Usiku tukaenda Forodhani. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na jirani yake Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ukipita pale moyo unashtuka. Lakini moshi wa mishkaki haujahama. Watalii wamejipanga kwenye ile pizza ya Kizanzibari, donge la ngano linachanwa na kutandazwa mpaka linaonyesha upande wa pili, likitiwa nyama ya kusaga, yai na vitunguu. Binamu alitazama kama mtu anayetazama mpira timu yake haichezi. Yeye alinunua pweza, akamwomba muuzaji amwekee juu ya foili aliyokuja nayo kwenye mkoba, kwa sababu jiko lile pia linapashia chapati. Akanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Basi.

Mimi njaa ilikuwa imenishika. Nikaona urojo: manjano ya kupendeza, viazi, bhajia, chatini ya nazi, pilipili. Nikajisemea hapa hakuna mkate wala chapati. Nikapiga bakuli nzima, nikakombeleza. Binamu alisubiri nimalize ndipo akaanza kucheka mpaka machozi.

"Dada, ule uzito wa urojo unadhani ni nini? Unga wa ngano huo!"

Nilichemsha. Lakini nilipomtazama tena hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia bakuli langu. "Urojo wa nje ndio unaoniuma," akasema. "Mama ananipikia wa unga wa dengu, mzuri, namshukuru. Lakini siyo huu. Na siyo kula hapa nimesimama na wenzangu." Miaka minne hajautia mdomoni.

Nikalala nikisubiri tumbo livimbe. Halikuvimba. Asubuhi nikaamka mwepesi kabisa. Shangazi, ambaye hasira zilikuwa zimempungua, akanipa vitumbua na chai ya maziwa, vikombe viwili. Haikupita saa moja, puto! Ngurumo! Binamu akanitazama, nikamtazama. Dar nilipoacha chapati niliacha na chai ya maziwa, nikahamia ya rangi. Hilo sikuwahi kulifikiria hata dakika moja.

"Ulipimwa kabla hujaacha?" akaniuliza.

"Sikupimwa."

"Basi umejiharibia."

Kipimo cha damu cha siliaki kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya gluteni. Ukiacha ngano askari wanapungua, jibu linaweza kutoka safi na kumbe unao ugonjwa. Na kwa sababu siliaki hutembea kwenye ukoo, mimi si mtu wa kubahatisha. Shangazi mwenyewe alishapimwa baada ya bintiye, hana. Ukibainika unayo, hakuna urojo wa bahati mbaya, hakuna kuonja. Kama huna, ya nini kujitesa?

Niliporudi Dar nikaenda kwa daktari, nikamweleza yote pamoja na puto la chai. Alicheka kidogo, akaandika. Maziwa niache kwanza, tuone. Na ngano nirudi kuila, kila siku, kwenye zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita, ndipo anitoe damu. Nimekula chapati nyingi maishani, lakini kwa amri ya daktari ndiyo mara ya kwanza.

Ofisini nimekuwa kichekesho. Yule shoga yangu ananiangalia kama msaliti. Gauni nimempelekea fundi aachie mishono ya pembeni. Kilo moja na nusu imerudi. Sijui ni chapati au ni vile vitumbua vya Unguja, maana mchele na nazi navyo havina utani.

Hii ni wiki ya tatu. Nilimpigia shangazi simu kumpa habari, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza boti ya jioni inafika saa ngapi Dar. Nikaenda bandarini kupokea. Chapati ishirini ndani ya hotpoti, zimefungwa kwa kanga, na pembeni kijikaratasi cha mwandiko wa binamu: kula na yangu.