Siri ya Shosti Wako Si Hadithi Yako

Hivi msomaji wangu, ushawahi kufungua jarida ukakuta siri yako imechapishwa humo, na aliyeiandika ni mtu unayekunywa naye chai kila wiki? Mimi hayajanikuta. Mimi ndiye mhariri niliyeipitisha, na leo naomba niyaseme bila kuficha, maana najua wengi wenu mnaandika na mna vikundi vyenu.

Sisi tulikuwa wanawake saba. Tulikutana Jumamosi, Sinza, kwenye sebule ya mmoja wetu. Kila mtu anakuja na kurasa zake, anasoma, wengine wanakosoa. Chai ya tangawizi, vitumbua, vicheko. Nina digrii ya mawasiliano, lakini kwa kweli uandishi nilijifunzia pale.

Siku moja mvua ikanyesha, umeme ukakatika, kusoma kukashindikana. Ikabaki stori tu. Ndipo mwenzetu mmoja akatutolea jambo zito. Kaka yake aliwahi kuugua sana na hela ya hospitali hakuna. Akaziuza kwa sonara bangili za dhahabu alizopewa na mama mkwe siku ya harusi. Kisha akaenda Kariakoo, akanunua za bandia zinazofanana. Tangu hapo kila sherehe ya ukweni anazivaa hizo. "Nikitaka kunawa nazivua kwanza," alisema, "nisije nikaumbuka." Tulicheka, halafu tukanyamaza. Mume wake alikuwa hajui.

Baada ya miezi kadhaa, mswada ukatua mezani kwangu, kwenye jarida nililokuwa nafanyia kazi wakati huo. Umetoka kwa mwingine wa wale saba. Hadithi fupi, tamu balaa. Mke kabadilishwa jina, Dar imekuwa Tanga, kaka amekuwa mdogo wa kike. Lakini bangili zipo. Kunawa kupo. Hata ile "nisije nikaumbuka" ipo vilevile.

Nilijua ndani ya dakika moja. Lakini ukurasa ulikuwa mtupu na kiwandani wanausubiri. Nikajisemea, si kabadilisha jina? Tena bila shaka ameshamwomba ruhusa. Nikaupitisha.

Basi bwana, wifi yake akalisoma jarida saluni, kichwa kikiwa kwenye drayer. Jioni akapiga simu: "Wifi, hebu Jumapili njoo na zile bangili za mama."

Sitaeleza yote yaliyofuata nyumbani kwa watu, nimeshaeleza ya kutosha. Itoshe kwamba mume alikaa wiki mbili anakula bila kuongea, na kilichomuuma zaidi ni kwamba wanawake sita walijua jambo la ndani kwake kabla yake.

Kikundi kikagawanyika. Wengine wakasema mwandishi hana mipaka, kisa kikishasemwa mbele ya watu ni cha wote. Wengine wakasema ule ni usaliti mtupu. Na wote, jamani, walisemea pembeni. Mwenye kisa hakupigiwa simu na mtu. Aliyeandika naye hakuulizwa, akawa anapishwa tu njiani kama mwenye ukoma. Nilipokuja kumuuliza aliniambia, "Nilijua kama kuna tatizo wewe mhariri utanizuia." Yaani yeye aliniachia mimi, na mimi nilimwachia yeye.

Nikakimbilia sheria. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi jinsi ilivyotungwa. Wazo au tukio lenyewe haliwi mali ya mtu. Ukininakili kurasa zangu nitakushitaki. Ukiandika juu ya mwanamke mwenye bangili za bandia, hakimiliki haitanisaidia. Nikapumua. Lakini nilipomkumbuka mwenzetu, ile pumzi ikaisha.

Na si sisi tu. Kule Marekani, Dawn Dorland alijitolea figo yake moja mwaka 2015 kwa mtu asiyemjua. Akaandika barua, akaionyesha kwa watu wake. Mwandishi mwenzake waliyefahamiana Boston, Sonya Larson, akaandika hadithi ya mwanamke aliyepewa figo, na toleo la mwanzo lilikuwa na barua iliyofanana mno na ile. Mwaka 2018 tamasha la vitabu la Boston lilikuwa limeichagua hadithi hiyo, likaachana nayo. Wakaburuzana mahakamani miaka. Mwaka 2023 jaji akampa haki Larson. Sawa, kesi ilikwisha. Lakini hakuna hukumu inayoweza kuwarudisha watu wale kwenye meza moja.

Basi nikushauri nini, wewe mwenye kikundi?

Kwanza, siku ya kwanza kabisa kubalianeni: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, mpaka mwenyewe aruhusu. Semeni kwa mdomo, msidhani kila mtu anajua.

Pili, ukitaka kuandika kisa cha mwenzako, muulize kabla hujaanza. Ukimwuliza umeshamaliza, unataka pongezi tu. Akikataa, kaa nacho. Na akikubali, usihangaike na jina peke yake, maana watu hutambuana kwa bangili. Badilisha bangili.

Tatu, ukiona mwenzako kakosea, mfuate yeye. Ukienda kwa wengine watano kwanza, unatafuta jeshi, hutafuti suluhu.

Nne, hii ni ya wahariri wenzangu. Ukiwa na shaka, uliza swali moja: hiki kisa ni cha nani, na anajua? Ukurasa mtupu unajazwa hata na mapishi ya pilau.

Na ukikosea, omba radhi bila kuweka "lakini". Mimi nilimfuata nyumbani kwake. Nilikuwa na maneno yangu mazuri nimeyapanga, ya kisomi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hukunibip hata mara moja?"

Nikamjibu ukweli. "Kwa sababu ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuacha kumuuliza kwa kusahau, wala kwa haraka za kazi. Jibu nililijua, na sikutaka kulisikia. Siku hizi nikijikuta natafuta sababu za kutompigia mtu simu, najua ndiyo simu ninayopaswa kupiga.

Tunasalimiana sasa. Chai bado hajanikaribisha, na sina haki ya kumdai.