Nusu kwa Nusu

Mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19, alipoelekeza uso wake bara, hakuwa na hakika ya kitu ila deni lake. Merekani, shanga na nyaya za shaba alikopeshwa mjini. Akavuka hadi Bagamoyo, akaajiri wapagazi wa Kinyamwezi, akalipa hongo kwa wakuu wa njiani mpaka akafika Tabora. Huko nako hakika haikuwapo. Mwaka 1871 vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya Ujiji, na mali ya watu ikalala. Hata hivyo, wengi waliorudi salama walikwenda tena. Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, hakutosheka na safari moja wala mbili.

Tumezoea kusema kuwa ni tamaa. Lakini ni tamaa gani hii inayonenepa kwa shaka?

Mwaka 2003, Fiorillo, Tobler na Schultz walichapisha utafiti wao juu ya kima. Mnyama alionyeshwa picha, kisha akangojea tone la kinywaji. Picha moja ilimaanisha atapata, nyingine, hatapata, nyingine, huenda. Watafiti wakapima umeme wa seli za ubongo zitoazo dopamini. Penye hakika, seli zile zilitulia katika kungoja. Penye shaka, umeme wake ulizidi kupanda hadi wakati wa matokeo. Nao ulipanda zaidi pale ambapo kupata na kukosa vililingana, nusu kwa nusu. Kumbe moyo hauchangamshwi na tonge lililo mkononi, bali na lile ambalo huenda likaja, huenda lisije.

Niliposimama Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, sikumwaza yeye. Nilimwaza mama yake bibi yangu, ambaye mumewe alikwenda bara asirudi. Nyumbani kwetu husimuliwa kuwa alikataa kukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemletea yakini ya kifo. Kila jahazi lililotia nanga likitoka Bagamoyo lilikuwa kwake nusu kwa nusu. Shaka ile ile iliyompeleka mume ndiyo iliyomfunga mke dirishani.

Na katika njia hiyo alikuwapo mwingine: mateka aliyeshushwa pwani shingoni mna mnyororo. Yeye hakuwa na karata ya kucheza. Alikuwa ndiye dau lenyewe. Elimu ya ubongo yaweza kutueleza kwa nini mkono wa mchezaji hauchoki. Maelezo hayo ni sababu, si udhuru.

Sisi watu wa visiwani tumetunga mengi juu ya kungoja: kungoja jahazi, kungoja mpenzi, kungoja pepo za msimu. Mateka wa njia ya Tabora bado hajatungiwa ya kumtosha.