Kuandikwa kwenye Kaye

Bujumbura haimpotezi mtu mzima. Milima iko mashariki, Ziwa Tanganyika liko magharibi. Ukitatizika unashuka tu. Mimi niliingia na homa, mwezi wa nne mwaka 2024, peke yangu na begi mgongoni. Nilikuwa nimetoka Kigoma kwa kupitia Manyovu, nikafuata barabara ya Nyanza-Lac na Rumonge inayobanwa kati ya mlima na maji. Ziwa lilikuwa limefura mwaka ule. Huko Gatumba, njia ya kwenda Uvira nilikokusudia kufika, watu walikuwa wamehama nyumba zao.

Mjini mafuta hayakuwepo. Bajaji na pikipiki zilishapigwa marufuku katikati ya mji tangu 2022, kwa hiyo mgeni mwenye mzigo alitembea. Kuchagua pa kulala kukawa hesabu ya miguu na mfuko. Rohero kuna utulivu, ila bei zake ni za watu wa mashirika. Kinindo ni pazuri, lakini bila gari ni mbali. Nikachukua chumba karibu na mtaa wa Asiatique, bei nafuu, chandarua kipo, mlango unafungika. Kadi yangu ya benki ilikuwa pambo tu, na Lumicash, pesa ya simu ya huko, ilitaka laini ya kwao. Nilikuwa na dola chache nilizozishona kwenye pindo la sketi, kama mama alivyonifundisha.

Usiku wa pili nilitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nikapiga simu mapokezi, kimya. Kilichonitisha zaidi ya ugonjwa ni kwamba katika jengo lile zima nilikuwa namba ya pasipoti. Ningezimika pale, wangegundua siku ya kulipa.

Asubuhi nilijikokota nje kutafuta chai. Mama muuza sambusa akanitazama. “Dada, wewe unatoka wapi na macho hayo?” Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi, makazi ya Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, ambako mitaa ina namba badala ya majina. Akamwachia binti yake beseni, akanishika mkono mpaka kituo cha afya. Malaria. Nikapewa dawa ya mseto.

“Utakuja kwangu,” akasema, “lakini kwanza uandikwe.”

Kaye ya nyumba ni daftari la kaya: wote wanaolala humo huorodheshwa, na mgeni naye huongezwa. Tulikwenda kwa mkuu wa mtaa huku natapika njiani. Niliona ni ukatili kumburuza mgonjwa kwa ajili ya karatasi. Baadaye ndipo nilipomwelewa. Alfajiri moja askari waligonga, wakaanza kuhesabu watu kwa daftari. Nikaitwa, nisiweze kusimama. “Huyo ni mwanangu wa Tanzania, anaumwa, mmemwona hapo ameandikwa,” mama akajibu bila hata kuinuka kwenye jiko. Wakasoma, wakatoka.

Siisifii kaye. Majirani walionielezea machafuko ya 2015 walishusha sauti kila walipofika kwenye misako ya usiku, na mwenye nyumba aliyekutwa na mtu asiyeandikwa alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Daftari lile liliwekwa ili kuchunguza watu. Ila kule kuandikwa kulinitangaza mtaani: bibi wa nyumba ya pili akaleta uji, kijana wa duka akauliza kama nimemeza dawa za jioni, na Jumamosi, watu walipotoka kwenye kazi za pamoja, ukumbi ulijaa wageni wangu nisiowajua. Wengine walikuja kunitania tu kwa sababu ya Kiswahili changu cha Dodoma, eti kama cha redioni.

Uvira niliiacha. Nilipopata nguvu nikamtolea mama dola zilizobaki. Alizisukuma kando, akanipa furushi la vitenge vya wax nimpelekee mdogo wake Ujiji. Jamaa nyingi za Buyenzi zina ndugu huko. Nilipofika, yule mdogo mtu alishaambiwa yote: ugonjwa wangu, jina la baba yangu, hata kwamba pilipili siiwezi. Vitenge alivipokea bila kuvifungua. Akaniuliza begi langu liko wapi, maana kitanda kilishatandikwa.