Tulipopanda Milima ya Ngandja

Sisi tuliozaliwa Fizi tumewekwa kati ya maji na milima. Mtu akisimama pwani ya Baraka wakati wa asubuhi, mbele yake huona ghuba iliyotulia, na ng'ambo ya ghuba vilima vya Ubwari. Akigeuka nyuma, huiona milima ipandayo mpaka Itombwe. Maji twayafahamu. Hata mtoto wa miaka saba atakuambia ni saa gani mitumbwi ya ndagala hurudi, na ni miezi gani upepo wa kusini hulichafua ziwa. Lakini milima hatuifahamu. Hupanda huko mwenye shamba, na mwenye kutafuta dhahabu, na mwenye kukimbia vita, na mwenye kuvileta. Mtu kupanda kwa kutaka kuona tu, jambo hilo kwetu ni kama wazimu.

Wazimu huo ulitupata sisi mwezi wa Julai, mwaka 2015. Tulikuwa wanne: walimu wawili, na vijana wawili waliokuwa wamemaliza masomo ya sekondari na kukaa nyumbani bila kazi. Mmoja wa vijana hao alikuwa amesoma habari iliyotutia haya. Mwaka 2007 wataalamu wa wanyama, wengine kutoka Marekani na wengine Wakongo wenzetu kutoka kituo cha Lwiro, waliingia katika msitu wa Misotshi-Kabogo, kusini ya Fizi, msitu ambao tangu mwaka 1960 wataalamu hawakuweza kuufikia kwa sababu ya vita. Kwa muda mfupi walipata humo wanyama sita ambao elimu ya dunia ilikuwa haijawaandika: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Sisi tuliwafundisha watoto mito ya Ulaya na vilele vyake, na msitu ulio katika teritware yetu wenyewe tulikuwa hatujauona hata mara moja.

Basi tulipanda boti ya mbao yenye mashine, tukatoka Baraka jua likichwa. Kwenda Kazimia kwa maji si safari fupi, kwa maana yakupasa kwanza uelekee kaskazini mpaka utoke katika ghuba, uizunguke ncha ya Banza, penye maji ya moto yatokayo chini ya ziwa, kisha uteremke tena kusini upande wa pili wa Ubwari. Burton, Mwingereza aliyefika katika ziwa hili mwaka 1858, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sisi tuliokesha tukiizunguka, tumelowa mpaka mifupani, tukiketi juu ya magunia ya chumvi, hatuwezi kumcheka sana. Chini yetu palikuwa na maji ambayo mahali penye kina kirefu kabisa yafikia mita 1,470. Hakuna ziwa liyapitayo duniani ila Baikal la Urusi. Nahodha alituambia habari hiyo isimsumbue mtu, kwa kuwa mita tano zatosha kumzamisha asiyejua kuogelea.

Katika kijiji kimoja mbele ya Kazimia tulikwenda kwa kapita kumwomba njia. Tulimpelekea sukari na sabuni kama iwapasavyo wageni. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mwatafuta dhahabu?" Tukasema, hapana. "Ni watu wa hifadhi?" Tukasema, hapana, sisi ni walimu, twataka kuona. "Kuona nini?" Hapo tulinyamaza. Siku hizo maneno ya hifadhi yalikuwa yakizunguka vijijini. Wengine walisema italeta kazi, wengine walisema italeta bunduki na mipaka. Mtu apandaye bila jembe na bila karai la kuoshea mchanga hakuaminiwa na upande wowote. Mwisho kapita alimwita mzee mmoja, mwindaji wa zamani, akamwambia, "Baba, wachukue watoto hawa, uwaonyeshe hicho wasichokijua jina."

Mzee alikuja na panga, blanketi moja kuukuu na sufuria nyeusi. Sisi tulikuwa na viatu vipya, biskuti, na koti la mvua. Vijana wetu walitazamana, wakacheka blanketi. Tafadhali msomaji, likumbuke blanketi hilo.

Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari, na kutoka ufukoni mlima huanza mara moja, bila kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Tulipita michikichi, tukapita mihogo iliyopandwa mahali ambapo mbuzi angesita kusimama, tukamkuta mama akiteremka na mzigo wa kuni, mtoto mgongoni, akiimba. Alitupa pole sisi tusiokuwa na mzigo! Saa nne tulikuwa katika majani makavu na mawe, na maji tuliyodhani yangetosha mpaka jioni yalikuwa yamekwisha. Mzee hakunywa. Alitafuna jani fulani, akatutazama, akatupeleka kando penye chemchemi ambayo tungeipita mara kumi bila kuiona.

Halafu msitu. Hatujui tuueleze namna gani kwa mtu aliyezoea jua la Baraka. Ni kama kuingia katika nyumba kubwa yenye giza, mlango ukafungwa nyuma yako. Joto liliisha. Miti ilikuwa imevaa majani membamba yaning'iniayo kama ndevu za babu, na kila kijito kilisikika kabla ya kuonekana. Mzee alituonyesha viota vya sokwe juu, majani yaliyokunjwa kama kitanda, na mmoja ulikuwa bado mbichi. Hatukuwaona sokwe wenyewe. Lakini mbega tuliwaona, weusi, wenye nywele ndefu nyeupe mabegani; walituangalia kitambo, kisha wakaruka kutoka mti hata mti kama watu wanaotupwa. Wataalamu husema mbega wa milima hii ya Kabobo ni wa namna yao peke yao, hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tulimwambia mzee habari hiyo, pamoja na ile ya wanyama sita wapya. Akauliza, "Wapya kwa nani?" Akaendelea kukata njia.

Usiku tulilala juu ya mwamba, mahali msitu unapofunguka kuelekea mashariki. Mwezi haukuwapo, kwa hiyo wavuvi walikuwa wametoka wote, na taa zao zilitanda ziwani chini kama mji mkubwa usio na nyumba. Mbali sana, ng'ambo, palikuwa na mianga hafifu. "Kigoma," mzee akasema. Akatueleza kwamba alivuka mwaka 1996 wakati wa vita, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, na watoto wake watatu walizaliwa huko. Akarudi kwa meli mpaka Baraka mwaka 2006. Miaka kumi alikaa akitazama upande wa magharibi asiuone mlima huu. Na habla ya hapo, alipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 1965, aliwachukulia maji Wakuba waliokuja na Che Guevara, ambaye huku aliitwa Tatu, na ambaye alikaa katika milima hii toka Aprili mpaka Novemba. "Nao walisema wamekuja kutusaidia," akasema. Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza.

Baridi ilishuka kama maji. Kufika saa nane ya usiku tulikuwa tumevaa kila kitu, na koti la mvua juu yake, na bado meno yaligongana. Mzee aliamka, akakoka moto, akalitandua blanketi lake kuukuu akawafunika wale vijana wawili. Hakuna aliyecheka.

Ng'ambo hiyo ya mianga iko Gombe, na usiku ule tuliisema sana, kwa kuwa mwenzetu mmoja alipata kuifika. Nayo ni milima na ziwa kama kwetu, na sokwe kama wetu. Jane Goodall alifika huko mwaka 1960, na mwaka 1968 serikali ya Tanzania ikaifanya mbuga ya taifa. Wageni huja kutoka duniani kote, hulipa, hupanda, hurudi kwao wakisimulia. Lakini mwenzetu alituambia pia kwamba ndani ya mpaka miti ilibaki, na nje ya mpaka vilima vilikatwa vikawa vipara, hata mwaka 1994 wenye kuwatunza sokwe ilibidi waanze kazi na wanavijiji wenyewe, wakipanda miti pamoja nao. Mzee alisikiliza yote. Aliuliza jambo moja tu: wale wanavijiji waliulizwa kabla, au baada?

Siku ya pili, tulipokuwa tukiteremka bonde la kijito, mmoja wa vijana, yule aliyekuwa amecheka zaidi, aliteleza juu ya jiwe lenye utelezi, akaanguka kama urefu wa nyumba. Tulimsikia kabla ya kumwona. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Twakiri kwamba sisi walimu, wenye kufundisha wengine, tulisimama mikono mitupu. Katika mizigo yetu tulikuwa na biskuti, lakini hatukuwa na hata kitambaa cha kufungia jeraha. Mzee alimtuma kijana wa pili ashuke mpaka mashamba ya kwanza akaite watu. Yeye mwenyewe alibandua gamba la mti, akaukaza mguu kwa kamba za mwituni, akamwambia kijana ahesabu majina ya ndugu zake wote ili asisikilize maumivu.

Watu sita walifika alasiri. Walikata miti miwili mirefu iliyonyoka, wakafunga kipoyi kwa kamba na blanketi lile lile. Mmoja wao alicheka akasema babu yake alizoea kuwabeba wazungu kwa kipoyi, naye leo ambeba mtoto wa Baraka. Afadhali huyu, hana kofia. Walimbeba mpaka usiku, wakipokezana mabegani, mahali ambapo sisi tulishuka kwa kukaa kitako. Hawakutaka malipo. Tuliwapa chumvi iliyobaki, nao walipokea chumvi.

Hapo ndipo, wakati tukipumzika kwenye ukingo wa msitu, mzee aliposema neno ambalo tumelichukua mpaka leo. Aliipiga ile miti ya kipoyi kwa kofi, akauliza, "Walimu, siku hifadhi itakapokuja, nani atatupa ruhusa ya kuikata hii?"

Tulijaribu kujibu. Tulisema msitu ukiisha mito itashuka na udongo mwekundu mpaka ziwani, na mahali udongo ulipofunika mawe samaki hawazai. Alikubali, akasema ameyaona hayo kwa macho, tena amewaona wachimba dhahabu wa upande wa Misisi walivyogeuza mto ukawa tope. Tulisema mbega hawa wakiisha hapa wameisha duniani. Alikubali. Yeye mwenyewe aliacha kuwinda, akasema, alipoona anatembea siku mbili bila kukuta nyayo. Hakuwa adui wa hifadhi. Alitaka tu kujua juu ya miti miwili. Nasi hatukuwa na jibu, wala hatukujifanya kuwa nalo.

Mwezi wa Desemba 2016 jirani zetu wa mkoa wa Tanganyika walipata hifadhi ya Kabobo, inayopakana na ile ya Ngandja iliyo upande wetu wa Fizi. Tulifurahi, na furaha hiyo hatuifichi. Lakini katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini iko pia mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ambamo Watwa walitolewa katika msitu wa baba zao. Na ilipofika mwaka 2024 ndipo ilipotangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba walidhulumiwa. Ni karibu miaka hamsini. Mtoto aliyetolewa msituni akibebwa mgongoni alikuwa mzee mwenye wajukuu siku hukumu iliposomwa. Kwa hiyo mtu wa Ngandja akiuliza juu ya miti miwili, asiambiwe kwamba ni mjinga asiyependa wanyama.

Mguu wa kijana ulipona, ingawa siku za mvua humwuma. Safari za huko zimekuwa za shida tangu hapo, kwa sababu ya watu wenye silaha, na hatujapanda tena. Lakini mwaka mmoja baada ya safari yetu tulimpelekea mzee blanketi jipya kwa boti ya Kazimia, pamoja na karatasi tuliyowaandika wale wanyama sita. Nahodha alituletea majibu. Blanketi limefika, ahsante. Karatasi imesomwa mbele ya watu, nao wamebishana sana juu ya yule chura wa pili. Na ile miti miwili ya kipoyi ameisimamisha nyuma ya nyumba yake. Akija mlinzi yeyote kuiuliza, atasema ni mali ya walimu wa Baraka, waliisahau, naye anawatunzia.