Jiwe la Mkunazini

Ndugu msomaji, ukifika Unguja, nenda Mkunazini, katika Mji Mkongwe. Hapo lipo kanisa kubwa la Anglikana. Ingia ndani, utazame sakafu karibu na madhabahu. Utaona duara la marumaru nyeupe, limezungushiwa rangi nyekundu. Hilo ni jiwe la kumbukumbu. Linaonyesha mahali ilipokuwa nguzo ya kuchapia watumwa. Rangi nyekundu ni ishara ya damu yao.

Zamani hapo palikuwa soko la watu. Watu walitekwa bara, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, wakavushwa bahari kwa majahazi. Waliofika hai walinadiwa kama mbuzi. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Lakini utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Sheria ya kuukomesha Unguja ilitoka mwaka 1897.

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Alikufa mwaka 1882, akazikwa humo kanisani. Askofu huyu alikusanya hadithi za Kiswahili kutoka kwa wenyeji, akazichapa mwaka 1870. Hadithi hizo zinasomeka mpaka leo, kwa sababu ziliandikwa.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Jina la askofu tunalijua. Jina la Sultani tunalijua. Je, waliofungwa kwenye nguzo ile waliitwa nani? Wengi wao hatuwajui. Walikuwa na majina, na mama zao waliwaita kwa majina hayo. Hakuna aliyeyaandika.

Jambo hili linanigusa mimi mwenyewe. Marehemu bibi yangu alitusimulia kwamba dada wa bibi yake alichukuliwa na msafara wakati akichota maji. Hakurudi. Bibi alijua kisima, alijua na njia waliyopita. Jina la yule msichana hakulijua, kwa kuwa waliolijua walikufa nalo. Sisi wajukuu tunamwita "yule aliyechukuliwa" tu.

Ndiyo maana naipenda kazi yangu ya elimu ya watu wazima. Watu husema tunafundisha kusoma ili mkulima asipunjwe kwenye mizani. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini kalamu ina kazi nyingine pia. Jiwe la marumaru ni ghali, na kijiji chako huenda hakina uwezo wa kulinunua. Daftari unalo.

Basi, leo jioni kaa na mzee mmoja. Muulize majina ya wazazi wake, ya babu zake, na ya waliopotea. Yaandike yote, pamoja na mahali walipoishi. Kisha msomee, akusahihishe. Usingoje kesho, mzee hangoji.