Matembezi ya Kutazama Ndege

Mwalimu asemaye kwamba hana vifaa vya kufundishia habari za viumbe hai, na atoke nje asubuhi na mapema. Ndege hawanunuliwi, wala hawafungiwi kabatini. Lakini matembezi yasiyoandaliwa hugeuka mbio, na mbio huwafukuza wale wale tuliokwenda kuwatazama.

Katika shule tuliyofundisha, chini ya Milima ya Uluguru, tulikuwa na desturi ya kuwaalika wazazi wafuatane na watoto wao. Si wote waliopendezwa. Baba mmoja alitwambia waziwazi: "Walimu, mwanangu nimemleta asome. Habari za ndege, kwa manati yake, anazijua kuliko ninyi." Hatukubishana naye. Tulimwomba aje na mwanawe, ila manati yabaki nyumbani.

Tulijigawa katika vikundi vya watu wasiozidi kumi, tukalipa jua kisogo, tukasimama kimya mbele ya mti wa minana. Hatukuanza na majina. Tuliuliza: Ndege huyu amemzidi njiwa kwa ukubwa? Mdomo wake ni mnene wa kuvunjia mbegu, au ni mwembamba uliopinda kama wa chozi, anyonyaye utamu wa maua? Ni nani asukaye kiota, dume au jike?

Yule mtoto, aliyekwisha kuangusha ndege wengi, hakuweza kujibu. Hakuwa amepata kumtazama hata mmoja kwa nusu saa. Basi akatazama. Akaona dume la manjano likichana majani na kuyafunga kwa mdomo. Jike likaja, likachungulia, likaenda zake. Baadaye dume likakifumua kiota kile na kuanza upya.

Baba yake akasema polepole, "Kumbe naye hukataliwa kazi yake." Tangu hapo ndiye aliyetutajia majina ya ndege kwa Kiluguru, nasi tukayaandika.

Wanachuo wenzetu, jambo la kushika ni hili: macho yatangulie, jina lifuate. Mtoto aliyepewa jina hukariri, aliyetazama huuliza. Wala msiwaone wazazi kuwa wageni katika somo hili. Waulizeni wanalolijua, kisha simameni nao kimya mtazame wasilolijua. Ndege aliyetazamwa hivyo ni vigumu kumrushia jiwe.